Je, wajua kwa nini rezista ya ziada huongeza mkwaruzo wa pedali ya gitaa?

Mpiga gitaa la solo hapa Moshi akitaka pedali yake (kisanduku cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gitaa) ikwaruze zaidi, anaweza kuipeleka kwa fundi wa redio, na fundi akamaliza kazi kwa rezista moja iliyong'olewa kwenye redio mbovu. Haondoi kitu. Anachomelea rezista hiyo mgongoni mwa ile iliyopo, mguu kwa mguu, na pedali inatoka kali kuliko ilivyoingia.

Wengi wanagoma kuamini. Shuleni tumefundishwa kwamba rezista inazuia umeme, kwa hiyo ukiongeza kizuizi, sauti inapaswa kupungua. Dhana hii imekaa vichwani hata mwa watu wanaoshika risasi na chuma cha kulehemu kila siku, na ina makosa mawili.

La kwanza ni la hesabu. Rezista mbili zilizoungwa sambamba hazijumlishi ukinzani. Umeme uliokuwa na njia moja sasa una mbili, kwa hiyo ukinzani unashuka. Rezista ya kilo-omu 4.7 (mistari ya njano, zambarau na nyekundu) ikipata mwenzake wa thamani ileile, jumla inakuwa kilo-omu 2.35. Fundi ameongeza kifaa, lakini kizuizi amekipunguza.

La pili ni kubwa zaidi: rezista hiyo haijakaa kwenye njia ya sauti hata kidogo. Ingekuwa katikati ya njia, kati ya gitaa na amplifaya, ingepunguza sauti kama watu wanavyodhani. Tuchukue Tube Screamer ya Ibanez, toleo la TS808, maana sakiti yake imenakiliwa na watengenezaji wengi sana. Ndani yake kuna IC, yaani kipande kidogo cha elektroniki chenye miguu, ya kukuza sauti. Mguu mmoja wa kuingilia unapokea sauti ya gitaa. Mguu wa pili unapokea kipande cha sauti iliyokwisha kukuzwa, kinachorudishwa kutoka kwenye tokeo, yaani pale sauti inapotokea. Kazi ya IC ni kuhakikisha miguu hiyo miwili inalingana, basi. Sauti inayorudi hupita kwenye rezista ya kilo-omu 51 na kitufe cha mkwaruzo cha kilo-omu 500, na inapofika kwenye mguu wa pili, hapohapo pana rezista yetu ya kilo-omu 4.7 inayoimwaga kwenda ardhini, yaani upande wa volti sifuri wa sakiti.

Fikiria mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, unaoshuka mlimani Kilimanjaro. Mlinzi wa lango yuko juu, na agizo lake ni moja: maji yanayofika shamba la chini yawe kimo kilekile siku zote. Njiani mfongo una tundu linalovujisha. Tundu likiwa dogo, mlinzi anafungua lango kidogo na shamba linapata haki yake. Likipanuka, maji mengi yanapotea kabla ya kufika, naye analazimika kufungua lango zaidi na zaidi ili kimo kisishuke. Anayesimama chini anaona kimo hakijabadilika. Anayesimama langoni anaona mafuriko. Rezista inayoelekea ardhini ndiyo tundu, IC ndiyo mlinzi, na sisi tunasikiliza pale langoni. Fundi alipopunguza ukinzani alipanua tundu.

Kwa tarakimu, ukuzaji ni 1 kuongeza ukinzani wa njia ya kurudi uliogawanywa kwa ukinzani wa kwenda ardhini. Kitufe kikifunguliwa mwisho, 551 kwa 4.7 inatupa kama mara 118. Weka 2.35, inakuwa kama mara 235.

Je, sauti inakuwa kubwa maradufu? Hapana. Milivolti 100 za gitaa zikikuzwa mara 118 zingefika volti 11.8, kupita hata betri ya volti 9 iliyomo ndani. Kabla ya kufika huko, daiodi zilizowekwa kwenye njia ya kurudi zinafunguka kwenye takriban volti 0.6 na kukata vilele vya wimbi. Ukuzaji wa ziada unaishia kubamiza wimbi zaidi dhidi ya ukomo huo, na kubamizwa huko ndiko masikio yanakosikia mkwaruzo.

Sasa linakuja jambo ambalo binafsi naliona zuri kuliko yote. Rezista ile imeungwa kwa mfuatano na kapasita ya mikrofaradi 0.047, na kapasita inabania masafa ya chini. Uzi mnene wa gitaa ukipigwa wazi unatoa hezi kama 82, na hapo kapasita peke yake ina ukinzani wa karibu kilo-omu 41. Uwe na 4.7 au 2.35, besi hiyo inakuzwa takriban mara 13 tu. Kilichoongezeka ni masafa ya juu. Ndiyo maana pedali iliyofanyiwa kazi hii hukwaruza zaidi lakini husikika nyembamba, na mwenye gitaa hudhani fundi amemharibia. Dawa ni kuchomelea sambamba kapasita ya pili ya 0.047, za sambamba hujumlishana, na uwiano wa zamani unarudi.

Kuna badiliko jingine linalosifiwa sana, la kugeuza TS9, toleo jingine la Tube Screamer, iwe TS808 kwa kubadili rezista mbili za kwenye tokeo: omu 470 kuwa 100, na kilo-omu 100 kuwa 10. Hapa naomba tahadhari. Pedali ikiunganishwa na amplifaya ya kawaida, rezista hizo zinapoteza kama asilimia 1 ya sauti au pungufu, kwa matoleo yote mawili. Sifa ni kubwa kuliko hesabu inavyoruhusu.

Ukimpa fundi kazi hii, mwambie asipime thamani ya rezista ikiwa bado imeshikwa kwenye bodi, kwa sababu mita itahesabu na njia nyingine za sakiti. Mkumbushe pia kwamba pedali nyingi za namna hii hutumia adapta yenye hasi katikati ya plagi, kinyume cha adapta nyingi za redio. Na rezista ya kale ibaki mahali pake. Sauti isipokupendeza, mkasi unakata mguu mmoja wa ile mpya na pedali inarudi ilivyokuwa.