Mpiga ngoma anayeogopa kupona

"Dada, nikimeza hivyo vidonge, mkono utabaki?"

Alikaa ukingoni mwa kiti, vidole vikitwanga mapajani, na havikutwanga ovyo. Mkono wa kushoto ulishika mdundo mmoja, wa kulia ukawa unauzungukazunguka kama inzi na embe. Hapa Bagamoyo wapiga ngoma ni wengi kama madau, tena mambo yake mengine nimeyabadilisha kwa ruhusa yake, kwa hiyo msihangaike kumtafuta.

Wiki tatu mfululizo alikuwa analala kwa muda wa saa mbili tu kila usiku na anaamka mzima, hata miayo hana. Alitunga midundo mipya kila siku. Alikopa hela akanunua ngozi za kuwambia ngoma ambazo hakuna aliyeziagiza, akagombana na kundi zima eti wanamchelewesha. Wenzake wakasema ana mzuka. Mama yake alitaka apungwe. Halafu ghafla akazimika, na kwa muda wa mwezi mzima kitanda kikawa ndiyo nyumba yake. Daktari wa akili wa Dar es Salaam aliyemwona aliuita ugonjwa huo baipola: hisia hupanda mno kwa siku au wiki kadhaa, kisha huanguka, na kuanguka huko mara nyingi hudumu zaidi ya kule kupanda. Mimi si wa kuandika dawa. Kazi yangu ni mazungumzo, na mazungumzo yetu ya mwanzo yote yalikuwa juu ya mkono.

Maana zile wiki za kupanda ndizo anazoamini alipiga vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Rafiki yake alikuwa amemrekodi kwenye simu, tukaisikiliza pamoja. Dakika 4 za mwanzo ni moto, sikatai. Baada ya hapo anaongeza kasi, anaongeza tena, mpaka wachezaji wanasimama mmoja mmoja wakimtazama, naye anaendelea peke yake. Aliisikiliza mara mbili. Hakusema kitu.

Wasanii wengi wanaokuja kwangu wanaamini kipaji na ugonjwa ni pacha, ukimtoa mmoja mwingine naye anakufa. Mwaka 2013 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Uswidi, walichapisha matokeo ya kupitia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni 1. Watu wa kazi za ubunifu, kwa ujumla wao, hawakuonekana kuugua akili kuliko wengine. Baipola ndiyo iliyojitokeza zaidi kwao, na waandishi walikuwa na hali mbaya kuliko wenzao. Lakini linalonivutia ni jingine: ndugu wa damu wa wagonjwa wa baipola nao walikuwa wengi kwenye kazi hizo. Yaani ndani ya nyumba hiyohiyo mmoja anaumwa, na mwenzake asiyeumwa anachora au anaimba vizuri tu.

Na dawa je? Mwaka 1979 Mogens Schou, daktari wa Denmark, alichapisha majibu ya wasanii 24 wenye ugonjwa huu waliokuwa wakitumia lithiamu, dawa ya kuzuia kupanda na kuanguka huko. 12 walisema wanatoa kazi nyingi kuliko zamani, 6 hawakuona tofauti, 6 walisema kazi imepungua. Nilimwandikia hesabu hiyo kwenye karatasi. Unadhani alishika wapi? Wale 6 wa mwisho. Sikumlaumu, ni watu kweli wale, na mtaalamu anayemwambia msanii kwamba dawa haigusi chochote anamdanganya.

Lithiamu inaweza kutetemesha vidole. Kwa karani ni usumbufu, kwa mchonga vinyago ni mlo wa watoto. Ndiyo maana namwambia msanii akifika kwa daktari asiishie kutaja ugonjwa, aseme anaishi kwa mikono, kwa sababu dozi hurekebishwa na dawa nyingine zipo. Jambo la pili ni jasho. Mpiga ngoma akimaliza onyesho unaweza kukamua fulana yake. Mwili ukikaukiwa maji na chumvi, lithiamu huzidi kwenye damu na kuwa sumu: kutapika, kuharisha, kuyumba kama mlevi. La tatu wachache huambiwa: diklofenaki na ibuprofeni, zile wanazomeza wapiga ngoma kwa ajili ya viganja na mgongo, nazo huipandisha lithiamu kwenye damu. Kwa hiyo maji, vipimo vya damu kwa wakati, na hakuna kidonge cha maumivu kabla ya kumuuliza daktari.

Kwa upande wangu, tiba tunayotumia chimbuko lake ni Ellen Frank na wenzake huko Pittsburgh, Marekani. Inaushika ugonjwa kupitia saa. Mgonjwa anaandika kila siku mambo matano: saa aliyotoka kitandani, saa aliyoonana na mtu wa kwanza, aliyoanza kazi, aliyokula chakula cha jioni, na aliyolala. Kisha tunajitahidi yatokee muda uleule, kwa sababu usingizi ukivurugika, kupanda kuko mlangoni. Nilipomweleza alicheka kwa mara ya kwanza. "Kumbe unataka nikae kwenye mdundo."

Nilitaka kumsifu kwa hilo, nikajizuia. Miaka ya mwanzo niliwahi kumsifia mchoraji picha aliyoniletea. Kuanzia hapo kila wiki alileta picha, habari zake mwenyewe hakuleta tena. Alikaa pale akisubiri nishangae. Miezi ilipita kabla sijagundua kwamba usiku halali usingizi.

Daftari la mpiga ngoma sasa lina wiki 9. Safu ya mtu wa kwanza ilikuwa tupu hadi adhuhuri siku nyingi. Siku hizi ina saa 12:30 asubuhi, na pembeni ameandika "mama wa vitumbua". Vidonge anameza, vidole vilitetemeka kidogo, dozi ikapunguzwa. Ijumaa na Jumamosi bado ni mashimo matupu, kwa sababu maonyesho yanaisha saa 8 usiku na hela ya kula inatoka humo. Mimi nataka aache moja. Yeye anataka apige zote mbili kisha alale mchana. Bado tunabishana.