Sampu hupimwa stima ikipotea

"Fundi, hapa kwangu stima ikipotea nashika mopu kabla ya kushika mshumaa."

Ndivyo alivyonipokea mama mwenye nyumba huko Lang'ata, Nairobi, hata viatu sijavua. Tangi la samaki wa maji ya chumvi lilikuwa la kijana wake. Kijana alipokwenda chuo Eldoret, samaki wakaachiwa chakula cha kila siku, basi, kwa karibu miaka miwili.

Kwa juu hali haikutisha sana: kangaja mmoja wa bluu aliyekonda mgongoni, na wawili wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Nilipofungua kabati ndipo harufu ya mayai viza ilipotoka. Chumvi ilikuwa imekauka kwenye plagi ya ekstensheni kama unga wa sembe. Sampu yenyewe, tangi la chini la kuchujia maji, ni kitangi cha sentimita 60 kwa 30 kwa 30, na chini yake tope jeusi la kina cha vidole viwili. Kwenye bomba mtu alikuwa amefunga koki ya shaba, nayo imeshaota kutu ya kijani. Hiyo niliing'oa siku hiyohiyo. Chumvi huila shaba taratibu, na shaba ikishaingia majini, samaki anaweza kuivumilia kiasi, lakini konokono, kamba na matumbawe hufa kwa chembe kidogo sana. Tumia koki ya plastiki, hata kama muuzaji anakuapia kwamba ya chuma ndiyo ya kudumu.

Kwa aliyeanza juzi: sampu ni tangi la pili linalokaa chini ya lile la maonyesho. Maji hufurika juu, yakashuka kwa bomba, yakachujwa, kisha pampu ikayarudisha. Pampu ikizima, maji hayasimami papo hapo. Bomba la kurudisha linageuka kuwa mrija wa kunyonya, na linaendelea kuvuta maji ya juu hadi mdomo wake uguse hewa. Mopu ya yule mama ilianzia hapo.

Fuata hesabu nami. Tangi la juu lina urefu wa sentimita 120 na upana wa 50, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 6. Mdomo wa bomba ulikuwa umezama sentimita 6. Stima ikipotea, lita 36 zinashuka. Sampu ilijazwa hadi sentimita 22, ikabaki na nafasi ya lita 14 tu. Zilizobaki, lita 22 za maji ya chumvi, zilikwenda kwenye zulia. Bomba lilikuwa na kitundu cha kuingiza hewa ili kukata ule mvuto, lakini mwani ulikuwa umekiziba. Hata valvu ya kuzuia maji kurudi ilikuwepo, na ndani yake nilikuta gamba la konokono limeizuia isifunge. Mimi sitegemei vitu hivi viwili. Mdomo wa bomba ukae karibu na uso wa maji, na sampu iwe na nafasi ya kutosha. Mengine ni nyongeza.

Sampu mpya nikaipangia sentimita 90 kwa 40 kwa 40. Kabla ya kukata kioo nilitengeneza katoni ya vipimo hivyo na kujaribu kuipitisha kwenye mlango wa kabati, kwa sababu ndani ya kabati kunaweza kuwa na nafasi tele na mlango ukakataa. Fundi wa vioo Industrial Area alinikatia kioo cha milimita 6. Silikoni nilichukua ile isiyo na rangi wala dawa ya kuvu, nikaiacha ikauke wiki nzima hadi harufu ya siki ikaisha.

Ndani nina vyumba vitatu. Cha kwanza kina soksi ya kuchuja na skima, mtambo unaotoa uchafu majini kwa viputo vya hewa. Skima inataka kina kisichobadilika, kwa hiyo ukuta wa kioo unashikilia maji hapo kwenye sentimita 22. Cha kati kina mawe na mwani wa nyuzi chini ya taa ndogo. Mwani unakula naitreti inayotokana na uchafu wa samaki, nami nauvuna. Kabla ya chumba cha pampu kuna kuta tatu zilizoachana sentimita 3, ili viputo vipande juu visivutwe na pampu.

Skima kwa Nairobi si anasa, maana viputo vyake huongeza hewa majini. Tuko mita 1,795 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Maji ya bahari ya nyuzi 25 kule hushika takriban miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Hapa ni kama 5.5. Samaki aliyezaliwa kwenye miamba ya pwani anaanza na upungufu huo kabla hata hujamkosea. Ndiyo maana namwekea kila mteja pampu ya hewa ya betri.

Sasa, kosa kubwa kwa tangi lililotelekezwa ni kulisafisha lote kwa siku moja. Bakteria wanaovunja amonia wamejishika kwenye mawe na sponji. Ukivisugua kwa maji ya mfereji yenye klorini, umewaua. Tope nililinyonya kwa mpira bila kulikoroga, mawe nikayaweka ndooni ndani ya maji yaleyale ya tangi, na sponji ya zamani nikaihamishia sampu mpya kwa wiki nne. Maji nilibadilisha lita 45 kila wiki, si zaidi.

Chumvi nayo, kwa kipimo cha uzito wa maji ukilinganisha na maji matamu, ilikuwa imepanda hadi 1.031. "Yakipungua naongeza ya chumvi, si ndiyo?" mama aliniuliza. Alikuwa akijitahidi, hakuna aliyemweleza. Kinachopanda hewani ni maji, chumvi inabaki. Unajazia maji matamu yaliyochujwa. Tuliishusha hadi 1.026 kwa siku tano.

Mwisho nikamwomba mama achomoe plagi mwenyewe. Aliniangalia mara mbili, mopu mkononi. Akachomoa. Maji yakashuka kwa kelele, kisha kelele ikawa gugumizi, kisha kimya: mdomo wa bomba, sasa ukiwa sentimita 2 tu chini ya uso, ulikuwa umeshika hewa. Kwenye sampu yalipanda hadi sentimita 26. Nikachora mstari hapo kwa kalamu ya wino mzito, na wa pili kwenye chumba cha pampu, pale anapopaswa kuacha kujaza.

Mopu akairudisha bafuni.