Mpira wa kutoa maji kichwani: maswali ya wazazi wa watoto wenye kichwa kikubwa

Kichwa kikubwa ni ugonjwa gani hasa?

Ndani ya ubongo kuna vyumba vinne vyenye maji safi yanayoulinda ubongo na uti wa mgongo. Kwa mtu mzima hutengenezwa takribani nusu lita kwa siku, na kiasi hichohicho hunyonywa na kurudi kwenye damu. Njia ikiziba, au maji yakikosa pa kunyonywa, utengenezaji hausimami. Vyumba vinajaa na kutanuka, ubongo unabanwa kwenye fuvu. Kwa kuwa mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijaungana bado, kichwa nacho kinatanuka.

Wapo wanaozaliwa hivyo, mara nyingi pamoja na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo ambao haukujifunga vizuri tumboni mwa mama. Wapo wanaozaliwa wazima, kisha wanapata maambukizi ya ubongo wangali wachanga. Katika hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Mbale, Uganda, uchunguzi wa watoto 300 ulionyesha kuwa karibu 60 katika kila 100 walipata tatizo hili baada ya maambukizi, wengi wao katika mwezi wa kwanza wa maisha. Kwa hiyo hakuna aliyelogwa, na hakuna mama anayestahili kunyooshewa kidole na ukoo wa mumewe.

Nitajuaje mapema?

Kwa futi ya kamba, ileile ya fundi cherehani. Izungushe juu kidogo ya nyusi, ipite juu ya masikio hadi kisogoni panapotokeza zaidi. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati huwa na kama sentimita 35, na katika miezi mitatu ya kwanza huongeza kama sentimita 2 kwa mwezi. Kichwa kikikua kwa kasi kuliko hapo, utosi ukijaa na kuwa mgumu hata akiwa ametulia, mishipa ya kichwani ikitokeza, au macho yakielekea chini muda wote, usingoje tarehe ya kliniki. Na ukiwa kliniki, mwombe muuguzi apime kichwa na aandike kwenye kadi. Uzito hupimwa kila mara. Kichwa husahaulika, na mtoto anafikishwa hospitali kubwa wakati ubongo umeshabanwa miezi mingi.

Hiyo shanti, ambayo wengi tunaiita mpira, inafanyaje kazi?

Ni mrija mwembamba wa silikoni wenye sehemu tatu. Ncha ya juu huingia kwenye chumba cha maji ndani ya ubongo. Katikati, nyuma ya sikio, chini ya ngozi, kuna valvu. Kutoka hapo mrija hupita chini ya ngozi ya shingo na kifua hadi ndani ya tumbo, ambako maji hunyonywa na mwili. Kwa nje huoni kitu zaidi ya kauvimbe kadogo nyuma ya sikio.

Kazi ngumu iko kwenye valvu. Ifunguke shinikizo likipanda, ijifunge likishuka, isiruhusu kitu kurudi juu, na ifanye hivyo miaka na miaka bila betri. Mmoja wa waliolitatua fumbo hilo ni John Holter, fundi mitambo wa Marekani, ambaye mwanawe Casey alizaliwa mwaka 1955 na mgongo wazi, kisha kichwa kikaanza kujaa maji. Inasimuliwa kuwa hospitalini alimwona muuguzi akichoma sindano kwenye mpira wa dripu, na sindano ilipotoka tundu likajifunga lenyewe bila kuvuja. Akatengeneza valvu yenye mpasuko mdogo unaofunguka kwa msukumo wa maji. Akishirikiana na daktari Eugene Spitz wa Philadelphia, valvu ilianza kuwekwa kwa watoto mwaka 1956.

Mtoto anakua. Mpira nao?

Haukui, ndiyo maana daktari huacha mrija mrefu wa akiba umejikunja tumboni, na mtoto anaporefuka unajinyoosha. Hata hivyo wengine huhitaji kubadilishiwa baadaye.

Jambo jingine huwaumiza wabunifu kichwa zaidi ya urefu. Mtoto mchanga hulala. Akianza kukaa na kusimama, kichwa kinakuwa juu sana ya tumbo na maji yanavutwa chini kwa uzito wake. Yakitoka kupita kiasi ubongo unalegea, maumivu ya kichwa yanaanza kila anaposimama, na pengine damu huvuja kati ya ubongo na fuvu. Kwa sababu hiyo zipo valvu zenye kizuizi cha mvuto huo, na nyingine ambazo daktari hurekebisha kwa sumaku kutoka nje bila kupasua. Mwenye hiyo ya sumaku lazima aseme kabla ya kuingia kwenye MRI, mashine ya kupiga picha kwa sumaku kubwa, kwa kuwa inaweza kubadilisha kipimo cha valvu.

Hospitali imetupa shanti ya bei nafuu. Mwanangu kapunjwa?

Hapana, na swali hili nalijibu bila kusitasita. Huko Mbale, daktari Benjamin Warf na wenzake walilinganisha shanti ya Chhabra iliyotengenezwa India, iliyogharimu dola 35, na ya Codman-Hakim iliyogharimu dola 650. Walifuatilia watoto 195, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Kwangu mimi huu ni ubunifu uliokamilika: kifaa ambacho familia inaweza kukipata, na kinachoweza kubadilishwa kesho kikiharibika. Kifaa cha gharama kubwa ambacho hospitali ya mkoa haiwezi kukiagiza hakimsaidii mtoto wa Sumbawanga.

Ni kweli inaziba?

Ndiyo, na mzazi aambiwe kabla hajatoka wodini. Shanti nyingi za watoto huhitaji kurekebishwa, na miaka miwili ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa. Vipande vya tishu huingia kwenye vitundu vya ncha ya juu, au mrija hukatika, au bakteria huingia, hasa miezi ya mwanzo baada ya upasuaji. Kuhusu bakteria kuna habari njema: utafiti mkubwa wa Uingereza na Ireland uliochapishwa mwaka 2019, wenye wagonjwa zaidi ya 1,600, ulionyesha kuwa mirija iliyotiwa antibayotiki ilipunguza maambukizi kutoka takriban 6 kwa 100 hadi 2 kwa 100.

Mtoto mwenye shanti akianza kutapika bila kuharisha, akawa mzito wa usingizi, akalalamika kichwa, utosi ukajaa tena, akapata degedege au homa isiyoeleweka, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usikubali arudishwe nyumbani na dawa ya malaria kabla shanti haijaangaliwa, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha vimelea. Anaweza kuwa na vyote viwili.

Hakuna njia isiyo na mpira?

Ipo, na imekuzwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Kwa mtoto anayeishi safari ya siku nzima kutoka kwa daktari wa ubongo, mrija unaoziba usiku wa mvua ni hatari ya kifo. Warf alichukua upasuaji wa kamera unaotoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo, akauongezea kuchoma tishu zinazotengeneza maji hayo. Utafiti wa watoto wachanga 100 huko Mbale, uliochapishwa mwaka 2017, uliupima upasuaji huo sambamba na shanti. Baada ya miezi 12 ukuaji wa akili wa watoto haukutofautiana kwa maana. Si kila mtoto anafaa. Inategemea umri, chanzo, na hali ya ubongo kwenye picha, basi muulize daktari wako waziwazi kama wako anafaa.

Atasoma?

Wengi wanasoma. Inategemea ubongo ulibanwa kwa muda gani na kama maambukizi yaliuharibu kabla. Acheze na wenzake; michezo ya kugongana vichwa tu ndiyo ya kumuuliza daktari kwanza.

Mimba ijayo nifanye nini?

Kama mtoto alikuwa na mgongo wazi, anza foliki asidi kabla hujashika mimba, maana uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 za kwanza, wakati wengi hatujajua kama tuna ujauzito. Kiwango cha kila mwanamke ni miligramu 0.4 kwa siku. Aliyewahi kupata mtoto wa namna hiyo huhitaji kiwango kikubwa zaidi, miligramu 4 au 5, kwa maelekezo ya daktari. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 1991 uliwahusu akina mama hao, na dozi ya miligramu 4 ilipunguza hatari ya tatizo kurudi kwa takriban asilimia 72.

Nikihamia mji mwingine?

Usiondoke bila karatasi yenye aina ya valvu, kiwango cha shinikizo lake, tarehe ya upasuaji, upande wa kichwa ilipowekwa na picha ya mwisho ya CT au ultrasaundi. Zipige picha zote kwenye simu, na mtumie ndugu mmoja nakala. Daktari wa zamu usiku wa manane akiwa na picha ya zamani ya kulinganisha, anaweza kuona mapema kama vyumba vimetanuka.