Je, wajua kwa nini unakufa wakati ushajibanza nyuma ya ukuta?

Malalamiko ni yale yale hapa Mtwara kuanzia Chikongola mpaka Shangani, dogo anacheza Call of Duty kwenye simu au Counter-Strike kwenye laptop, anamuona adui, anakimbia anajibanza nyuma ya ukuta, ukuta ushamfunika mwili mzima, halafu puu, kafa. Cha kwanza kumtoka mdomoni ni "huyu anachiti huyu!" Wapo wanaochiti kweli, sikatai, ila mara nyingi jamaa hajachiti wala nini, kakuua kihalali kabisa, na utaratibu uliomruhusu akuue ukiwa umejificha uliwekwa makusudi na watu wenye akili zao timamu zaidi ya miaka 20 iliyopita. Kuuelewa inabidi turudi nyuma kidogo, enzi gemu za risasi zinaanza kuwa mashindano, maana historia yake yote ukiniuliza mimi ni watu kugombana na umbali.

Doom ilitoka Desemba 1993, kazi ya vijana wa id Software kule Texas, Marekani. Mliweza kuunga kompyuta mpaka 4 kwa waya mkaanza kuwindana, na watu walikolea kiasi kwamba netiweki za ofisi na vyuo zilielemewa, maana toleo la kwanza lilikuwa linamwaga ujumbe kwa kila kompyuta iliyounganishwa hata isiyocheza, baadhi ya mabosi wakapiga marufuku. Ila suala la kuchelewa hakuna aliyelijali, mko chumba kimoja, waya wa mita chache. Tatizo lilikuwa moja tu, kila mashine ilikuwa inazisubiri zingine kabla ya kusogea, kwahiyo mmoja akikwama mnaganda wote.

Mwaka 1996 wakatoa Quake, na hapa mpango ukabadilika. Ikaja seva, yaani kompyuta moja ndiyo bosi, zingine zinapeleka maombi tu. Ukibonyeza kwenda mbele, ombi linasafiri mpaka kwa seva, seva inakusogeza, halafu inarudisha jibu ndio unajiona umesogea. Ofisini kwao ilikuwa burudani. Sasa huku mtaani watu walikuwa wanatumia modemu za laini ya simu, ping 300 kwenda juu, na ping kwa asiyejua ni muda wa ujumbe kwenda kwa seva na kurudi, unahesabiwa kwa milisekunde, 1,000 ndio sekunde moja. Kwa ping hiyo unabonyeza, unasubiri, ndio mtu wako anageuka, kama nahodha wa jahazi zito, usukani ushazungusha zamani chombo bado kinafikiria. John Carmack, fundi mkuu wa gemu lenyewe, alikiri hadharani mwaka huo huo kwamba alilitengeneza akiwa na picha ya ping chini ya 200 kichwani, na kwamba makadirio yake kuhusu intaneti hayakuwa sahihi. Namheshimu sana kwa hilo, mafundi wengi wangesingizia mitandao.

Dawa yake ikatoka Desemba 1996, ikaitwa QuakeWorld. Kompyuta yako haisubiri tena ruhusa, ukibonyeza inakusogeza hapo hapo kwa kubashiri kwamba seva itakubali, seva ikikataa inakurudisha ulipokuwa. Ukiona umekimbia halafu ghafla umevutwa nyuma hatua tatu, basi ndio hiyo, ubashiri umegoma.

Hapo sasa mashindano ya mbali yakawezekana. Mwaka 1997 yakafanyika ya Quake yaliyoitwa Red Annihilation, waliingia watu kama 2,000, mchujo kwenye intaneti lakini fainali watu wakaletwa ukumbini Atlanta, na zawadi ilikuwa gari la Carmack mwenyewe, Ferrari 328 GTS. Akashinda Dennis Fong, jina la gemuni Thresh, matokeo 14 kwa -1, ndiyo, hasi moja, maana kwenye Quake ukijiua mwenyewe unakatwa. Angalia huo mtindo, mchujo mtandaoni fainali chumba kimoja, haujabadilika mpaka leo na sababu yake ndiyo hii hii ninayoieleza.

Halafu 1999 ikaja Counter-Strike, haikutengenezwa na kampuni kubwa, ni vijana wawili Minh Le na Jess Cliffe walichukua gemu la Half-Life wakalibadilisha, Valve, kampuni yenye Half-Life, wakaona isiwe tabu wakawachukua na gemu lao, 2000 likauzwa dukani. Tofauti yake na Quake ni kwamba ukifa hufufuki mpaka raundi iishe, unakaa unatazama wenzako, na risasi moja ya kichwa mara nyingi inatosha. Kwahiyo kifo cha uonevu kinauma mara kumi.

Sasa tuje kwenye ukuta wako. Zamani ukitaka kumpiga mtu anayekimbia mtandaoni ilibidi ulenge mbele yake, hewani, kulingana na ping yako, maana picha unayoiona ni ya zamani, mwenyewe keshasogea. Ping 200 unalenga mbele sana, ping 50 mbele kidogo, yaani ni ramli. Valve wakasema hapana, mtu akiweka alama kwenye kichwa akafyatua, ihesabike kapiga kichwa. Seva ikapewa kumbukumbu ya kila mtu alikuwa wapi muda mfupi uliopita, na risasi ikifika inauliza, huyu mpigaji wakati anafyatua alikuwa anaona nini? Inarudisha watu wote kwenye nafasi za muda ule, inapima, risasi ikigusa imegusa, halafu inarudisha mambo kwenye sasa. Mhandisi wao Yahn Bernier aliyaeleza haya mwaka 2001, na kwenye maelezo hayo hayo akataja wazi kwamba kuna watu watapigwa wakiwa wameshakata kona. Walijua, wakapima, wakaona bora huyo mmoja alalamike kuliko kila anayefyatua alalamike.

Tupige hesabu tuone. Wewe uko Mtwara una ping 180, adui yako yuko jirani na seva ana ping 30. Unakata kona. Taarifa kwamba umekata inachukua milisekunde 90, nusu ya ping yako, kufika kwa seva, 15 kufika kwake, na gemu lake linachelewesha picha kama 100 hivi makusudi ili mienendo isirukeruke, hiyo ndiyo ilikuwa kawaida ya Half-Life. Jumla 205. Muda wote huo yeye bado anakuona uko peupe unakimbia. Anafyatua kwenye sekunde ya mwisho kabisa, risasi yake inachukua 15 kufika, seva inarudi nyuma inaona kweli kapiga, habari ya msiba inakuchukua wewe 90 tena kuipata. Jumla kuu 310. Kwenye Counter-Strike ukishika kisu unakimbia vipimo 250 vya gemu kwa sekunde na upana wa mwili ni 32, kwahiyo kwa milisekunde 310 umeshasogea vipimo 77, upana wa mwili wako mara mbili na zaidi nyuma ya ukuta. Umekufa ukiwa salama kabisa, na hakuna aliyekosea.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba anayechungulia kona anamuona aliyetulia kabla hajaonwa, kwa ajili ya kuchelewa huko huko. Kwahiyo ukiwa na ping mbovu usikae kuvizia, chungulia wewe. Kampuni ya Riot walipotoa gemu lao la risasi, Valorant, 2020 walitamba na seva zinazopiga hesabu mara 128 kwa sekunde ili kuipunguza faida hiyo, imepungua, haijaisha.

Na ndio maana pesa ikiwa nyingi hakuna anayeamini intaneti. Mashindano makubwa ya kwanza ya CS:GO, toleo la baadaye la Counter-Strike, yaliyodhaminiwa na Valve yalifanyika Jönköping, Sweden, 2013, dola 250,000, timu ya Fnatic wakabeba, na timu zote zilikuwa ukumbini na waya. Korona ilipokuja 2020 kumbi zikafungwa, wakacheza kutokea makwao, na hapo hapo dunia ikakatika vipande, Ulaya wakacheza kivyao na Amerika kivyao, maana bahari ya Atlantiki huwezi kuitengenezea programu. Mwanga ndani ya nyaya za faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kila kilomita 1,000 za umbali inakula milisekunde 10 kwenda na kurudi, basi, hakuna mjanja.

Sasa sisi. Kutoka Mtwara mpaka Johannesburg, ambako Valve wana seva, ni kama kilomita 2,200 ukinyoosha angani, yaani kwa hesabu tupu ping ingekuwa 22. Lakini data haipandi ndege. Kwa kawaida inapanda kwanza kaskazini kwa nchi kavu mpaka Dar, kilomita zaidi ya 500, inazama kwenye waya wa baharini kama EASSy au Seacom, halafu inageuka kurudi kusini, inapita baharini mbele ya Mtwara hii hii uliyokaa, ndio inaelekea Afrika Kusini. Hapo hujaongeza mnara wa simu unaokula makumi kadhaa ya milisekunde, wala mdogo wako aliyefungua TikTok kwenye hotspot yako. Na gemu nyingi za simu seva zake ziko mbali zaidi, Ulaya au Mashariki ya Kati huko. Mei 2024 nyaya hizo mbili zilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini wote tuliona, achilia mbali gemu, hata WhatsApp ilikuwa kazi.

Kwahiyo wale wanaonipigia kelele tuandae mashindano ya Mtwara na Lindi mtandaoni, jibu langu ni hapana. Kutoka hapa mpaka Lindi ni kilomita mia na kidogo, halafu eti risasi ya mtu wa Lindi iende Johannesburg ndio imkute mtu wa Mtwara? Laptop 10, swichi moja ya kuunganishia kompyuta, ya bei ya kawaida, waya za netiweki na Counter-Strike 1.6 ambayo inakubali hata mashine kuukuu, ping haifiki 5, bando hata senti haliliwi. Nauli ya Coaster ya Lindi tuchangishane.