Kiapo cha Fëanor si uchawi, na dhana nyingine zinazonichosha kuhusu ulimwengu wa Tolkien

Tukifika sura ya tisa ya The Silmarillion, kitabu cha Tolkien cha ngano za kale za ulimwengu wake, kuna mkono utakaonyooshwa. Nimesoma kitabu hiki na makundi mengi ya wasomaji na sikumbuki kundi lililoniepushia. Msomaji anasema, kwa huruma ya kweli kabisa: lakini wana wa Fëanor wangefanya nini? Kiapo kilikuwa kimeshawafunga. Fëanor ni Elfi aliyetengeneza vito vitatu viitwavyo Silmaril, na kiapo ni kile alichokula na wanawe vilipoibwa. Juma lililopita nimelisikia tena kutoka kwa mtu aliyesoma kitabu kizima mara mbili, nikaona sasa niliandike mahali pamoja.

Nadharia yenyewe inakwenda hivi. Kiapo kile kilikuwa nguvu ya kichawi. Kilipotamkwa tu kiliwaingia wale wanane, kikaondoa hiari yao, na kuanzia hapo kikawa kinawaendesha kama vikaragosi. Kwa hiyo Maedhros, mwana mkubwa wa Fëanor, hana hatia, na wa kulaumiwa ni Eru, Mungu muumba wa ulimwengu huo, aliyekubali jina lake litumike. Nadhani lugha yetu inaisaidia dhana hii kuota mizizi. Tunasema mtu amekula kiapo, na kilicholiwa kiko tumboni, kinafanya kazi yake huko bila kumwomba mlaji ruhusa. Lakini Tolkien hakuandika hivyo.

Turudi kwanza kwenye kilichoapwa. Melkor, adui mkuu ambaye baada ya hapo anaitwa Morgoth, amemuua Finwë, baba wa Fëanor, na kuiba vile vito vitatu. Fëanor anasimama mbele ya watu wake mjini Tirion, usiku, katikati ya mienge, na pamoja na wanawe saba anaapa kumwandama kwa kisasi na chuki yeyote atakayeshika Silmaril na kuwanyima, awe Vala (mmoja wa roho kuu zinazoitawala dunia), pepo, Elfi au binadamu. Wanaapa kwa jina la Ilúvatar, ndiye Eru. Wanawataja Manwë na Varda, wakuu wa Valar, kuwa mashahidi. Wanajiitia Giza la Milele wasipotimiza. Hapa naomba watu wasome polepole: hakuna aliyewaloga. Adhabu wameichagua wao wenyewe kwa midomo yao, nayo inahusu kushindwa kutimiza. Hakuna neno hata moja linalosema miguu yao itakwenda yenyewe.

Sasa tuwatazame walivyoishi na kiapo hicho. Angband, ngome ya Morgoth, ilizingirwa kwa karibu miaka 400. Muda wote huo vito vyote vitatu vilikuwa kwenye taji la chuma la Morgoth, na wana wa Fëanor wakakaa mashariki katika ngome zao, wakiwinda, wakilinda mipaka. Kisha Beren, binadamu, na Lúthien, binti wa mfalme wa Elfi wa Doriath, wakapata walichoshindwa kukipata majeshi, wakatoka na kito kimoja. Hata hapo, Lúthien alipokuwa akikivaa shingoni, hakuna Elfi aliyethubutu kumgusa. Alipokufa, kito kikamwangukia mwanawe Dior, ndipo kiapo “kikaamka” na Doriath ikavamiwa. Ni uchawi gani huu unaomwogopa mama ukamvamia mtoto?

Nawatendea haki: walijaribu mara moja, kwa dhati na kwa mpango mkubwa, kumpiga Morgoth mwenyewe. Ndiyo vita ya Machozi Yasiyohesabika, nao walishindwa vibaya. Lakini angalia baada ya hapo kiapo kinaelekea wapi. Kinaelekea Doriath iliyokwisha kudhoofika, kisha kwa wakimbizi kwenye mlango wa mto Sirion, huku vito viwili vikibaki palepale kichwani mwa Morgoth. Laiti kingekuwa nguvu isiyo na akili, kingewasukuma kwenda kaskazini kama kilivyowasukuma kwenda kusini. Kilichokuwa kikichagua njia ni wao, nao walichagua mlango uliokuwa rahisi kuvunja.

Na kuna Celegorm na Curufin, wana wawili wa Fëanor, ambao ndio wanaonipandisha hasira hasa. Wakiwa wageni Nargothrond, walikitaja kiapo chao hadharani ili kuwatisha watu wa huko wasimfuate mfalme wao Finrod katika safari ya kumsaidia Beren. Vema, tuseme hilo ni la kiapo. Je, kumzuilia Lúthien ili Celegorm amwoe kwa nguvu? Je, mshale wa Curufin uliomlenga Lúthien? Kiapo kinataja vito tu. Hakimtaji mwanamke yeyote, wala hakitaji ndoa. Watu hawa walikuwa wakikitumia kiapo kama joho, wanalivaa pale wanapotaka kufanya jambo ambalo lingewaaibisha bila vazi.

Maedhros ni tofauti, na ndiyo maana namlilia. Wawili kati ya watoto wa Dior, wavulana wadogo, waliachwa msituni wafe njaa na watumishi wa Celegorm. Maedhros alipojua alijuta, akawatafuta kwa muda mrefu katika misitu ya Doriath bila kuwapata. Baadaye alipata habari kwamba Elwing, binti wa Dior, yu hai na kito anacho, akauzuia mkono wake. Aliuzuia! Mtu anayeendeshwa na uchawi haahirishi. Ni kweli kwamba kujua kuwa kiapo hakijatimizwa kulirudi kumtesa yeye na ndugu zake, na mwishowe Sirion ikashambuliwa. Sisemi kiapo hakikuwa na uzito. Kiliwaelemea mpaka kikawavunja. Ila mzigo hauna mikono, aliyeubeba ndiye anayo.

Watetezi wa nadharia wakifika hapa hunitolea Hukumu ya Mandos, Vala mtoa hukumu, inayosema kiapo chao kitawasukuma na papo hapo kuwasaliti, na kuwapokonya kilekile walichoapa kukifuata. Neno “kitawasukuma” lipo, silikatai. Lakini hukumu hiyo ilitolewa lini? Baada ya Alqualondë, baada ya wao kuua ndugu zao Wateleri ili wachukue merikebu. Mandos hakuwa akiwatwisha pingu mpya. Alikuwa akiwaeleza watu waliokwisha kuua kwa ajili ya kiapo kwamba wataua tena, na kwamba hawatafaidi.

Ushahidi mkubwa zaidi uko mwisho kabisa, sura ya 24 ya Quenta, sehemu kuu ya The Silmarillion, na ushauri wangu kwa yeyote anayetaka kubishana nami ni huu: soma kurasa zile kwa sauti, mara mbili, kabla hujaja. Morgoth ameshindwa. Vito viwili viko mikononi mwa Eönwë, mjumbe wa Manwë. Ndugu wamebaki wawili, Maedhros na Maglor, wamechoka na wanakichukia kiapo chao. Wanafanya nini? Wanajadiliana. Maglor anasema kiapo hakiwakatazi kungoja, huenda wakasamehewa Valinor, nchi ya Valar, wakapata haki yao kwa amani. Maedhros anajibu kwamba wakirudi na kunyimwa, kiapo kitabaki na njia ya kukitimiza itakuwa imefungwa. Maglor anauliza kama si batili basi, ikiwa mashahidi wake wenyewe, Manwë na Varda, wamekizuia. Maedhros anasema waliapa kwa Ilúvatar aliye nje ya mipaka ya dunia, nani atakayewafungua? Na hapo Maglor anatamka maneno ninayoyaona kuwa kilele cha kitabu kizima: ikiwa hakuna wa kuwafungua, Giza la Milele ni fungu lao wakikitimiza au wakikivunja, ila wakikivunja watatenda uovu mdogo zaidi.

Vikaragosi hawajadiliani hivyo. Maglor ameiona njia, ameitaja, kisha akakubali matakwa ya kaka yake. Wakaingia kambini kwa kujibadilisha, wakaua walinzi, wakachukua vito, na vito vikawaunguza mikono kwa sababu haki yao ilikuwa imekwisha kufutwa na matendo yao. Maedhros akajitupa na chake katika ufa wa moto. Maglor akakitupa chake baharini. Ukiondoa hiari hapa, msiba wote unageuka ajali ya barabarani. Tunawasikitikia, tunapita. Ndiyo sababu nadharia hii inaniudhi kuliko nyingine: inawatetea wahusika kwa kuwapokonya kitu pekee kilichowafanya wastahili machozi.

Anayedhani viapo vya Tolkien ni minyororo amtazame Finrod, ambaye naye aliapa. Barahir, baba wa Beren, alimwokoa katika vita ya Dagor Bragollach, naye akaahidi urafiki na msaada kwake na kwa kizazi chake, akampa pete kuwa alama. Siku Beren alipokuja na pete ile, Finrod aliivua taji lake akaenda naye na watu kumi tu, akafa katika shimo la Sauron, mtumishi wa Morgoth, akipigana na mbwamwitu kwa mikono mitupu. Hakuna aliyemtishia Giza la Milele. Na katika The Lord of the Rings, Elrond anapowaaga wale wanaofuatana na Frodo, mbeba Pete ya Sauron, hawafungi kwa kiapo chochote. Gimli anasema neno lililoapwa humtia nguvu mwenye moyo unaotetemeka. Elrond anamjibu kwamba laweza pia kuuvunja. Jibu hilo lina nyuma yake kumbukumbu ya mtu aliyelelewa, akiwa mtoto, na Maglor.

Nyingine nazipitia upesi.

Tom Bombadil, yule mtu wa ajabu wa msituni katika The Lord of the Rings, si Eru. Najua mkewe Goldberry alipoulizwa Tom ni nani alijibu kwa neno fupi linalofanana na jina la Mungu katika maandiko. Lakini katika baraza la Elrond, Elfi Glorfindel anasema wazi kwamba vyote vingine vikishindwa, Bombadil naye ataanguka, awe wa mwisho kama alivyokuwa wa kwanza. Eru haanguki. Katika barua ya mwaka 1954 Tolkien aliandika kwamba Bombadil ni fumbo, na la makusudi. Fumbo likiachwa kwa makusudi, kulifumbua kwa nguvu ni kulivunja.

Sauron si jicho juu ya mnara. Hilo ni la filamu za 2001 hadi 2003. Kitabuni Jicho ni nembo yake na namna anavyotazama, lakini mwili anao. Gollum, aliyewahi kuwa na Pete na akateswa Mordor, nchi ya Sauron, anasimulia kwamba mkono ule mweusi una vidole vinne. Cha tano kilikatwa na Isildur. Katika barua ya mwaka 1963 Tolkien anaeleza umbo la mtu, mkubwa kupita binadamu lakini si jitu. Basi.

Morgoth hakuwa mungu mpinzani wa Eru, mizani ya nuru na giza zikilingana. Hili linaletwa na wasomaji waliotoka kwenye mifululizo mingine ya fantasia ambako miungu wawili huvutana sawasawa, na wanalibandika huku. Melkor ni kiumbe, mmoja wa Ainur, roho zilizoumbwa na Eru, na hawezi kuumba kitu kutoka kwenye utupu. Anaweza kuharibu tu. Tena anazidi kupungua. Katika maandishi yaliyotoka 1993, katika juzuu lililopewa jina la Morgoth's Ring, Tolkien anaeleza kwamba Sauron aliweka sehemu ya nguvu zake katika pete moja, ilhali Morgoth alizimwaga zake ndani ya mata ya dunia nzima. Ndiyo maana Fingolfin, Elfi tu, aliweza kumjeruhi mara saba na kumwacha akichechemea milele. Mwisho wake alikutwa shimoni akiomba msamaha.

Vita vya mwisho wa dunia, shujaa Túrin akimuua Morgoth: vimo katika rasimu za zamani, na Christopher Tolkien, mwanawe aliyekihariri kitabu, hakuviingiza katika The Silmarillion ya 1977. Quenta ya kitabu kile inafunga kwa kusema kwamba kama dunia itatengenezwa upya, Manwë na Varda huenda wanajua, lakini hawajafunua, na halimo katika hukumu za Mandos. Ukitaja vita hivyo, taja na rasimu.

Nimebakiza moja ambayo siitupi moja kwa moja, nayo ni ya Gollum. Watu husema kiapo chake kwa ile Thamani, yaani Pete, ndicho kilichomtumbukiza motoni. Kuna kitu hapo. Frodo alimwonya kwamba Pete itamshika kwa neno lake na kwamba itayapinda maneno yake. Mlimani, kabla ya mlango, alimwambia akimgusa tena atatupwa katika Moto. Na katika barua ya mwaka 1956 Tolkien anasema Frodo alipofikia ukomo wa nguvu zake, Nguvu Nyingine ilishika usukani. Kwa hiyo anayesema Gollum aliteleza kwa bahati mbaya tu, naye hajasoma vizuri.

Lakini kabla ya moto kuna ngazi za Cirith Ungol. Gollum anarudi kutoka kupanga usaliti, anawakuta Frodo na mwenzake Sam wamelala. Anawatazama. Kwa kitambo anaonekana mzee aliyechoka, aliyeishi kupita wakati wake, na ananyoosha mkono unaotetemeka kuligusa goti la Frodo. Kiapo hakijamshika mkono, wala Pete haijamzuia. Mwaka 1955 Tolkien aliandika kwamba katika kitabu kizima, kilichomhuzunisha zaidi ni hapo, Gollum alipokosa kutubu kwa unywele. Sam akaamka, akamwita mnyemeleaji.