Je, wajua kwa nini anayekodisha skii hukuuliza kilo na umri wako?

Kwenye mitumba ya Mwanjelwa hukosi makoti mazito yenye kimfuko cha zipu kwenye mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiganja. Mbeya, Makete na Njombe tunayavaa Juni na Julai sakitu ikianza kuunguza viazi, na kimfuko kile wengi wetu tunakiwekea nauli. Kilishonwa kwa ajili ya kadi ya lifti ya mlimani: mwenye koti anausogeza mkono kwenye geti, geti linasoma kadi, naye anapandishwa juu ili ateremke kwa skii, vile vibao viwili virefu vya kutelezea juu ya theluji. Kwa hiyo nguo za mchezo huu tunazo. Tulichokosa ni theluji yenyewe, maana hata Kitulo baridi huishia kwenye sakitu.

Mtu wa huku akitaka kuteleza bila kwenda Ulaya, njia ni ya kusini. Lesotho kuna kituo cha Afriski, kwenye milima ya Maluti, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Hapo umeshakipita kilele cha Rungwe, chenye mita 2,960 hivi. Msimu wake ni Juni hadi Agosti, miezi ileile ambayo watu wa Uyole wanaota moto. Ukiingia kwenye chumba cha kukodisha vifaa, utaulizwa maswali kama uko kliniki: una kilo ngapi, urefu wako, umri wako, unateleza kwa kasi au kwa uangalifu? Kisha fundi anageuza buti lako, anasoma namba iliyochapwa ubavuni, anachukua bisibisi.

Maswali yote hayo ni ya kibanio, kile kifaa kinacholishika buti juu ya skii. Ni kifaa chenye kazi mbili zinazopingana. Kinatakiwa kukushika usichomoke wakati unakata kona kwa kasi, na kinatakiwa kikuachie mara moja ukianguka vibaya.

Si kila skii ina shida hii. Mkenya Philip Boit aliposhiriki Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano mwaka 1998, alishindana mbio za masafa, ambako kisigino huwa huru na ni ncha tu ya kiatu iliyoshikwa. Kwenye skii za kuteremka milima mikali, ncha na kisigino vyote vimebanwa, na buti lenyewe ni gumu kama ndoo. Sasa ncha ya skii inakwama kwenye theluji huku mwili unaendelea na safari. Fundi yeyote wa gereji pale Mafinga anaujua mchezo huu: nati ikigoma, anachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu zaidi. Skii ndiyo bomba. Nati ni mfupa wako wa muundi.

Zamani mifupa hiyo ilivunjika kweli. Hjalmar Hvam, Mnorwe aliyehamia Marekani, alivunjika mguu mwaka 1937 kwenye mlima Hood, jimbo la Oregon, na kufikia 1939 alikuwa ametengeneza kibanio kinachoachia. Ufaransa na Ujerumani wakaliendeleza wazo hilo miaka ya 1950. Vibanio vya leo hufuata msingi uleule: sehemu ya mbele huachia buti likisokotwa kushoto au kulia, ya nyuma huachia mtu akirushwa mbele na kisigino kikavutwa juu. Ndani ya kila sehemu mna springi, na juu yake kidirisha chenye namba. Kukaza springi ni kupandisha namba. Namba hizo huitwa DIN, kwa jina la shirika la viwango la Ujerumani, na leo zinafuata viwango vya kimataifa.

Namba hiyo haipimi ustadi wako. Inakadiria mfupa wako unaweza kuvumilia msokoto kiasi gani kabla haujavunjika, na kwa kuwa hakuna anayeweza kuupima mfupa wako pale kaunta, jedwali hukisia kwa uzito na urefu. Chukua mtu wa kilo 72 mwenye sentimita 175, umri miaka 30, ndiyo kwanza anajifunza. Jedwali linampa msokoto wa niutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kusokota) 43 kwa mbele na 165 kwa kisigino. Mjomba wake wa miaka 55 mwenye mwili uleule anashushwa safu moja: 37 na 141, kwa sababu kuanzia miaka 50 mfupa huhesabiwa kuwa dhaifu zaidi. Watoto wa miaka 9 kushuka chini nao hupunguziwa hivyohivyo. Na mtu mwenye kilo 72 hizohizo lakini sentimita 160 tu? Uzito na urefu zikitofautiana, hufuatwa safu ya chini, basi naye anaangukia kwenye 37.

Buti nalo lina hesabu yake. Soli hupimwa kwa milimita, tuseme 305, ndipo msokoto ule wa jedwali unageuzwa kuwa namba ya kwenye kibanio, na kadiri soli inavyorefuka ndivyo namba ya kibanio inavyoshuka, kwa kuwa wenzo mrefu unahitaji nguvu ndogo kufikia msokoto uleule. Ndiyo maana kuazima namba ya rafiki yako ni upuuzi, hata kama mnalingana kilo.

Linabaki swali la jinsi unavyoteleza, na hapa ndipo watu wanadanganya. Ukijitaja kuwa mtu wa kasi na miteremko mikali, unapandishwa safu mbili: yule kijana wetu wa kilo 72 anatoka 43 anafika 58. Kwa bingwa ni sawa, kwake kuchomoka katikati ya kona ni hatari kuliko kubanwa. Kwa mgeni aliyefika jana ni kuuza mguu kwa ajili ya sifa. Wanaoficha kilo zao wanakosea upande mwingine: buti litawachomoka bila sababu. Kwa maoni yangu mgeni ajiweke kundi la kwanza, la waangalifu, bila aibu yoyote.

Ukifikia kununua, usivutiwe na namba kubwa. Vibanio huuzwa kwa masafa ya namba, kwa mfano 3 hadi 10, 4 hadi 12, au 6 hadi 14. Namba yako ikiwa 5, chukua cha 3 hadi 10, ukae mahali pa katikati. Cha 6 hadi 14 ni cha bei zaidi na kwako hakifai hata kidogo, hakishuki mpaka ulipo. Hakikisha pia soli ya buti lako ni ya aina ambayo kibanio hicho kimeundwa kuipokea, kwani za kuteremkia na za kupandia milima kwa miguu hazifanani. Breki, zile fimbo mbili zinazochoma theluji skii ikiachia ili isikimbie kuwagonga walio chini, zilingane na kiuno cha skii, yaani upana wake wa katikati, au zikizidishe kwa milimita chache: kiuno cha 85 kinataka breki za 85 hadi 100 hivi. Vibanio vya mtumba vya bei ya kutupa mimi ningeviacha, kwa sababu plastiki na springi huzeeka na watengenezaji huacha kuvitambua vya zamani, na fundi mwenye kibali atakataa kuvigusa.

Kibanio hakilindi kila kitu. Kiliundwa kuokoa muundi, na kazi hiyo kimeifanya vizuri. Kano za goti ni habari nyingine: zinaweza kukatika katika anguko la polepole la kurudi nyuma, bila springi yoyote kuguswa vya kutosha kuachia.

Siku ya kuteleza, kung'uta theluji iliyoganda chini ya soli kabla ya kukanyaga, maana donge dogo tu hubadilisha namna buti linavyokaa na linavyoachia. Likikuchomoka mara mbili tatu kwenye mteremko mdogo bila wewe kuanguka, rudi kwa fundi apime upya, usikaze mwenyewe.