Bati halifuniki upana wake wote: dhana potofu za kupima paa

"Nyumba ni mita 80, basi na paa ni mita 80." Maneno haya nimeyasikia hapa Mombasa, Kisauni, Likoni mpaka Changamwe, na mara nyingi mwisho wake ni mkokoteni kurudishwa dukani kuongeza bati.

Chukua nyumba ya mita 10 kwa 8. Sakafu ni mita za mraba 80, hapo hatubishani. Lakini paa halikomei ukutani, lina upenu. Ukiacha upenu wa sentimita 60 kila upande, vipimo vinakuwa 11.2 kwa 9.2, yaani mita za mraba 103, na bado hatujainua hata boriti moja. Paa likiinuka kwa nyuzi 30, zidisha kwa 1.155 upate kama 119. Karibu nusu ya sakafu imeongezeka, wala hakuna aliyekuibia. Nyuzi 30 fundi anazijua kwa njia nyingine: kila mita moja ya kwenda usawa, unapanda sentimita 58. Pima maji na tepu vinatosha. Nyuzi 15 kiongezeo ni 1.035 tu, nyuzi 45 ni 1.414. Ndiyo maana paa la makuti, ambalo lataka kusimama wima ili maji yasikae, linameza vifaa kuliko linavyoonekana kutoka barabarani.

Kwa sababu hiyo hiyo, picha ya setilaiti haitoshi kupimia paa. Inaona paa kutoka juu kama kitambaa kilichotandazwa chini, mwinuko haiuoni.

Dhana ya pili ndiyo iliyomchoma shemeji yangu: "Gawa eneo kwa ukubwa wa bati." Alikuwa na nyumba ya vipimo hivyo hivyo. Bati lake la mawimbi lilikuwa mita 3 kwa sentimita 90, yaani mita za mraba 2.7. Akagawa 80 kwa 2.7, akanunua mabati 30. Kipaa cha mbele kikakamilika vizuri sana. Cha nyuma kikabaki mapao matupu, na masika ndiyo hayo yameingia. Akaanza kumtazama fundi kwa jicho la kando.

Fundi hakuwa na kosa. Bati hulaliana. Likilalia mwenzake mawimbi mawili, sentimita 15 zimekwenda, na la 90 linafunika 75. Kichwani nako hulaliana sentimita 15 au zaidi, kwa hiyo zile mita 2.7 ulizolipia zinafunika kama 2.1. Basi usigawe eneo, hesabu safu. Kwenda kwa urefu wa paa, mita 11.2 zinataka mabati 15. Kutoka mgongoni hadi upenuni ni mita 5.31, ambazo bati moja la mita 3 halizifiki, kwa hiyo ni mawili. Kumi na tano mara mawili mara vipaa viwili: mabati 60, mara mbili ya aliyonunua. Angekuja kuniuliza mapema ningemwambia safu ya chini iwe ya mita 3 na ya juu ya mita 2.5, zikilaliana zinafika 5.35, na sentimita nne za ziada zinachungulia gata, mfereji wa maji ya mvua. Zote mbili zikiwa za mita 3 zinabakiza nusu mita nzima kila jozi, bati zuri la kufunikia banda la kuku.

"Paa la pande nne ni kubwa kuliko la pande mbili." Hapa hata mafundi wazoefu huteleza. Mwinuko ukiwa mmoja pande zote na upenu ule ule, eneo ni lile lile, 119. Visusi, yaani zile pande mbili fupi, haviongezi eneo. Vinachoongeza ni vipande vya kukata na kofia, yaani bati la kufunikia mgongo na pembe. Paa la pande mbili la nyumba yetu linataka kofia ya mita 11.2. La pande nne lina mgongo wa mita 2 tu, lakini pembe zake nne ni mita 7 kila moja, jumla mita 30. Nayo mabati yanakatwa mshazari, na kile kipande cha pembetatu si kila mara kinapata pa kukaa upande wa pili.

Geji nayo: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 32 ni nyepesi kuliko 28, ingawa muuzaji anaitamka kana kwamba anapandisha cheo. Kwa chumvi hii ya baharini, kutu huanza kwenye misumari na kingo zilizokatwa, kwa hiyo usibane pesa hapo.

La mwisho linakwenda kinyume na yote niliyosema. Wapo wanaoamini paa likisimama zaidi linavuna maji mengi zaidi ya mvua. Mvua haihesabu mteremko. Kwa maji, rudi kwenye zile mita za mraba 103 za upenu hadi upenu. Kila milimita moja ya mvua ni lita 103. Mvua ya milimita 20 ni kama lita 2,060 kabla ya yanayomwagika, na shemeji, ambaye hununua maji kwa mitungi ya mkokoteni, sasa ananiuliza bei ya tangi.